Maswali ya Wasomaji: Akili ya Mtu Ndani ya Kesi ya Jinai

Maswali ya mwezi huu mengi yametoka Tabora na Kigoma, na karibu yote yanazunguka jambo moja: akili ya mtu inaingiaje kwenye kesi? Wengi wanadhani saikolojia ni habari ya mgonjwa wa akili na daktari wa hospitali ya akili ya Mirembe basi. Kumbe inaingia mapema zaidi, siku ileile ya tukio. Ipo kwenye macho ya shahidi aliyeona gizani, kwenye meza ya mpelelezi, na kwenye swali la kwanza ambalo mzazi anamuuliza mtoto. Kilichoharibika hapo hakitengenezeki kirahisi mbele ya hakimu. Wanaojibu ni mwanasaikolojia wa tiba na wakili wa kesi za jinai. Namba za vifungu tunazotaja ni za sheria zilizorekebishwa mwaka 2022. Ukishika toleo jingine, tafuta kwa kichwa cha kifungu, maana namba huhama.

Shikamooni. Mwanangu ana miaka 26, ameugua akili tangu kidato cha tatu. Alikuwa anachomwa sindano kila mwezi hospitali ya Kitete. Aliacha dawa, na miezi michache baadaye akamuua baba yake mdogo kwa jembe. Yuko mahabusu Gereza la Uyui. Majirani wananiambia nisihangaike, akifika mahakamani wataona wenyewe kwamba ni mgonjwa. Ni kweli? (Mama, Sikonge)

Marahaba mama, na pole sana, maana umefiwa na umeachwa na mtoto gerezani kwa siku moja. Hapana, si kweli, na ushauri huo unaweza kumgharimu mwanao.

Kifungu cha 12 cha Kanuni ya Adhabu kinaanza kwa kudhani kila mtu ana akili timamu. Anayesema hakuwa timamu ndiye anayepaswa kuonyesha. Mzigo wake ni mwepesi kuliko wa Jamhuri, yaani upande wa mashtaka: si lazima aondoe kila shaka, inatosha ionekane kwamba yaelekea ndivyo ilivyokuwa. Lakini asipoubeba mtu, unabaki pale pale.

Halafu ugonjwa peke yake hautoshi. Kifungu cha 13 hakiulizi kama mtu ana faili Kitete. Kinauliza hali yake dakika ile aliyoinua jembe. Kwa sababu ya ugonjwa ulioathiri akili, je, hakuweza kuelewa anachokifanya? Au hakuweza kutambua kwamba hapaswi kukifanya? Au hakuweza kujizuia? Likithibitika mojawapo, hawajibiki kwa jinai. Mawili ya mwanzo yana ukoo na kanuni iliyozaliwa Uingereza mwaka 1843, baada ya Daniel M'Naghten kumpiga risasi Edward Drummond, katibu wa waziri mkuu Robert Peel. Hilo la kushindwa kujizuia halimo katika kanuni ile ya Waingereza, ila sheria yetu inalo, na mawakili wengi hulisahau.

Sasa hatua. Kesi ya mauaji husikilizwa Mahakama Kuu, na mshtakiwa asiye na uwezo hupangiwa wakili. Mtafute wakili huyo kabla ya siku ya kusomewa shtaka na kujibu, kwa sababu kifungu cha 219 cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai kinataka utetezi huu utajwe wakati huo. Hata kama hakuna aliyeutaja, kifungu cha 220 kinaipa mahakama uwezo wa kusimamisha kesi yenyewe ikiona dalili, na kuamuru mshtakiwa apelekwe hospitali ya akili kuchunguzwa. Kwa vitendo hiyo ni Isanga, Dodoma, chini ya Hospitali ya Mirembe. Daktari ana siku 42 za kuandika ripoti, ila zinahesabiwa tangu mgonjwa alazwe huko, si tangu amri itolewe. Kusubiri nafasi na usafiri hakumo ndani ya hizo 42.

Hapa ndipo mambo mengi yanapoharibika, mama, na ndipo wewe una kazi kubwa kuliko wakili. Daktari wa Isanga anamwona mwanao miezi au miaka baada ya tukio, pengine akiwa amerudishwa kwenye dawa na ametulia, anajibu vizuri, anajua leo ni siku gani. Anaulizwa kuhusu siku ambayo hakuwepo. Bila habari kutoka nyumbani ataandika anachokiona mbele yake. Kwa hiyo kusanya vitu hivi mapema. Kadi ya kliniki yenye tarehe ya sindano ya mwisho na tarehe aliyotakiwa kurudi asirudi. Pengo hilo la tarehe lina uzito kuliko hotuba ndefu. Andika alivyokuwa wiki mbili za mwisho: alilala saa ngapi, alikula nini, alikataa chakula cha nani, alisema nini kuhusu baba yake mdogo. Kama alikuwa anasema anawekewa sumu kwenye ugali, andika maneno yake hasa. Kama mlimpeleka kwa mganga wa jadi, usione aibu kusema. Mganga anaweza kuwa shahidi wa hali aliyomkuta nayo. Barua ya mwenyekiti wa kijiji ni nzuri, ila yenyewe haitembei mahakamani. Mwenyekiti aje aseme.

Andika pia alichofanya baada ya tendo, hata kama kinakuuma. Kama aliosha jembe na kukimbilia porini, Jamhuri itasema alijua ni kosa. Kama alikaa pembeni ya maiti akiongea peke yake mpaka watu wakaja, hilo ni ushahidi wa upande wenu. Usipambe habari. Daktari mzoefu huona pambo, na akiona moja hatakuamini kwa mengine. Ripoti ikishapokelewa, sheria inaruhusu pande zote mbili kuleta ushahidi zaidi, kwa hiyo ikija mbaya bado hamjafungiwa mlango.

Peleka nakala ya cheti cha dawa kwa uongozi wa gereza sasa hivi. Mahabusu anayekosa dawa anaweza kufikia hali ya kutoielewa kesi yenyewe, na hilo ni suala lingine kabisa (kifungu cha 216): si alivyokuwa wakati ule, ni kama leo anaweza kujitetea. Watu huyachanganya haya mawili, hata wanaofanya kazi ya mahakama.

Na ujue mwisho wake. Ikionekana alitenda lakini kwa ugonjwa wa akili, mahakama inaweka hivyo kwenye kumbukumbu na hahukumiwi kama muuaji. Lakini harudi Sikonge siku hiyo. Anashikiliwa kama mgonjwa, na kutoka kwake kunategemea amri na ripoti za madaktari, bila idadi ya miaka iliyopangwa. Familia inayomtembelea na kuonyesha nani atamsimamia dawa humsaidia sana siku hiyo ikifika.

Kunywa gongo mpaka usijue unachofanya, si sawa na ugonjwa wa akili? (Msomaji, Uvinza)

Si sawa. Kifungu cha 14 cha Kanuni ya Adhabu kinasema ulevi si utetezi, isipokuwa ulileweshwa na mwingine kwa hila bila ridhaa yako, au ulevi ulikufikisha kwenye ukichaa hasa. Mahakama inaweza kuuangalia ulevi inapopima kama ulikuwa na kusudi la kuua, na hapo mauaji ya kukusudia yanaweza kushuka kuwa ya bila kukusudia. Mtu aliyepata ugonjwa wa akili wa kudumu kwa gongo au bangi, anayesikia sauti hata wiki ambayo hajagusa kitu, huyo apelekwe njia tuliyomwelekeza mama wa Sikonge.

Nina duka Kibirizi. Saa nne usiku waliingia watatu, mmoja na bunduki. Nilimkariri yule wa bunduki. Wiki mbili baadaye polisi waliniita, nikamkuta kijana amekaa kaunta na pingu, nikasema ndiye. Wakili wake anadai ushahidi wangu hauna nguvu. Mimi nina uhakika asilimia mia. Kosa langu liko wapi? (Mfanyabiashara, Kigoma Mjini)

Ndugu yetu, kosa si lako. Mazingira uliyowekewa ndiyo yaliyoharibu.

Kumbukumbu haikai kichwani kama picha kwenye simu. Kila ukiikumbuka unaijenga upya, na chochote ulichoona au kusikia katikati hupenya ndani. Mwaka 1974 Elizabeth Loftus na John Palmer, Marekani, waliwaonyesha watu filamu ya magari yaliyogongana. Walioulizwa magari yalikuwa na mwendo gani "yalipobamizana" walitaja mwendo mkubwa kuliko walioulizwa "yalipogongana". Wiki moja baadaye asilimia 32 ya kundi la kwanza walisema waliona vioo vilivyovunjika, dhidi ya asilimia 14 ya kundi la pili. Vioo havikuwepo. Neno moja tu la swali lilitosha.

Kwako liliingia kubwa kuliko neno. Ulionyeshwa mtu mmoja, mwenye pingu, ndani ya kituo cha polisi. Tangu siku hiyo, ukifumba macho ukamkumbuka jambazi, sura inayokuja ni ya kijana wa kaunta, na huwezi tena kutenganisha ipi ni ya dukani na ipi ni ya kituoni. Uhakika wako ni wa kweli kabisa moyoni, lakini uhakika hukua kila mtu anapothibitishiwa. Askari akisema "safi, ndiye tuliyemshuku", unaongezeka palepale, bila kumbukumbu kuongezeka hata chembe. Halafu kuna bunduki. Jicho la mtu anayetishiwa hung'ang'ania silaha, sura inabaki pembeni. Si woga, ndivyo akili inavyofanya kazi kwa kila mtu.

Mahakama zetu zinalijua hili. Katika shauri la Waziri Amani dhidi ya Jamhuri, lililochapishwa kwenye ripoti za sheria za mwaka 1980, Mahakama ya Rufani ilisema ushahidi wa kutambua kwa macho ni dhaifu na usitegemewe mpaka uwezekano wote wa kukosea uondolewe. Ikaorodhesha ya kuuliza: ulimwangalia kwa muda gani, kwa umbali gani, mwanga ulikuwaje, ulikuwa unamfahamu kabla. "Kulikuwa na mwanga wa kutosha" ni jibu linaloangusha kesi kila mwaka. Sema ni taa gani, ilining'inia wapi, ilimulika uso au mgongo wake. Kibirizi mtu anaweza kumulikwa na taa za sola za wavuvi wa dagaa kutoka ufukweni. Taa hizo zinapiga kwa nyuma, na mtu aliyesimama mlangoni anabaki kivuli. Kama ilikuwa balbu juu ya kaunta ya duka lako, hatua mbili kutoka usoni pake, sema hivyo hivyo.

Kilichotakiwa ni gwaride la utambulisho. Taratibu za Jeshi la Polisi zinataka mtuhumiwa apangwe na watu wasiopungua wanane wanaofanana naye kwa umri, kimo na hali. Mtuhumiwa huchagua asimame wapi, na anaweza kubadilisha nafasi kila shahidi akitoka. Asiwe mpelelezi wa kesi anayeliendesha. Mashahidi wasionane wao kwa wao, wala wasimwone mtuhumiwa kabla. Shahidi aambiwe kwamba mtu huyo anaweza kuwepo au asiwepo. Maneno hayo machache yana kazi kubwa: yasiposemwa, shahidi huchagua anayefanana zaidi kuliko wenzake, akidhani lazima yumo. Na kabla ya gwaride awe ameshatoa maelezo ya sura, ili kuwe na kitu cha kulinganisha.

Gwaride likifanyika leo, baada ya kaunta, halitasaidia. Mahakamani eleza ulichokumbuka usiku ule tu, na ukiulizwa ulimwona wapi tena, sema ukweli kuhusu kaunta. Nguvu ya kesi yenu itafutwe kwingine: mali yenye alama zako ikikutwa kwake, alama za vidole, mawasiliano ya simu.

Kwa wasomaji wengine: ukivamiwa, kabla hujaongea na majirani chukua karatasi uandike. Umri, kimo ukilinganisha na mlango, nguo, sauti, lafudhi, nani aligusa nini. Kama ulimtambua kwa jina, litaje kwa mtu wa kwanza unayemkuta. Katika shauri la Marwa Wangiti Mwita, Mahakama ya Rufani ilisema kumtaja mtuhumiwa mapema iwezekanavyo ni uthibitisho mkubwa wa kuaminika kwa shahidi, na kuchelewa bila sababu kunaitia mahakama mashaka. Ukiwa na sababu ya kuchelewa, kama vile walikuwa wanakaa jirani ukaogopa, iandikwe kwenye maelezo yako ya kwanza. Ikisikika kwa mara ya kwanza kizimbani, itaonekana imetungwa.

Hakimu anamtazama mtu usoni. Anayeangalia chini na kutetemeka si ndiye mwongo? (Mzee, Nzega)

Shikamoo mzee. Hapana. Charles Bond na Bella DePaulo walikusanya tafiti nyingi mwaka 2006, wakaona kwamba watu wakitegemea macho na masikio yao hupatia nani mwongo kwa wastani wa asilimia 54. Ukirusha sarafu utapata 50. Na kwetu kuna la ziada: kijana aliyelelewa vizuri Nzega haikodolei macho sura ya mtu mzima anayemhoji. Anaangalia chini kwa heshima. Mgeni anaweza kuisoma heshima hiyo kama hatia. Kinachopimika ni maneno yenyewe: yanalingana na aliyosema mwanzo? Yana mambo yanayoweza kuhakikiwa kwingine?

Mdogo wangu ana miaka 19, aliishia darasa la tano. Alikamatwa asubuhi kwa wizi wa ng'ombe, usiku akasaini kwamba aliiba. Sasa anasema hakuiba. Mtu mzima anaweza kukiri asichokifanya? (Msomaji, Kasulu)

Anaweza, tena bila kupigwa hata kofi. Mwaka 1996 Saul Kassin na Katherine Kiechel, Marekani, waliwaketisha wanafunzi wa chuo mbele ya kompyuta na kuwaonya wasiguse kitufe fulani. Kompyuta ikazimika, wakalaumiwa kwamba wamekigusa. Hakuna aliyekigusa. Asilimia 69 walisaini karatasi ya kukiri, na asilimia 28 waliamini kabisa kwamba wamefanya. Hao walikuwa wasomi, wameshiba, mchana kweupe. Mfikirie kijana wa darasa la tano ambaye hajala tangu asubuhi.

Kinachomsukuma mtu ni vitu vya kawaida: uchovu, njaa, na ahadi ya "ukisema utarudi nyumbani". Akili iliyochoka huona kulala leo ni karibu, kifungo ni mbali. Vijana, wenye ulemavu wa akili na watu waliozoea kumkubalia kila mwenye cheo wako hatarini zaidi.

Sheria inajua. Kifungu cha 27 cha Sheria ya Ushahidi kinataka ungamo kwa polisi liwe la hiari, na Jamhuri ndiyo inayothibitisha hiari hiyo. Kifungu cha 29 kinaenda mbali zaidi, na sisi tunakiona kuwa kifungu cha kisaikolojia kuliko vyote tulivyonavyo: ungamo halikataliwi kwa sababu tu kulikuwa na ahadi au tishio, mpaka mahakama ione kwamba mazingira na aina ya ushawishi ule yangeweza kumfanya mtu akiri uongo. Maana yake mnapaswa kueleza *mtu huyu* ni wa namna gani. Cheti cha shule, historia ya kifafa au malaria kali ya kichwani utotoni, mwalimu aliyemfundisha: hivyo ndivyo vinavyoijaza hoja.

Angalieni saa. Mahojiano yana muda wa msingi wa saa nne tangu mtu awekwe chini ya ulinzi kwa kosa hilo (kifungu cha 50 cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai), na unaweza kuongezwa kwa utaratibu wa kifungu cha 51. Muda wa safari hauhesabiwi, kwa hiyo msipige hesabu ya kutoka kijijini mpaka Kasulu mjini. Lakini aliyekamatwa saa mbili asubuhi na maelezo yakaandikwa saa tatu usiku, bila nyongeza yoyote kwenye jalada, ana hoja. Tafuteni saa hizo kwenye maelezo ya onyo yenyewe, yaani yale polisi waliyoandika baada ya kumwonya: zimeandikwa juu, za kuanza na kumaliza.

Kama alipelekwa pia kwa mlinzi wa amani (mara nyingi hakimu wa mahakama ya mwanzo, anayeandika maungamo), muulizeni mdogo wako alivyopokelewa. Mlinzi wa amani anatakiwa kumuuliza alikamatwa lini na wapi, alilala wapi usiku wa kuamkia siku hiyo, kama ametishwa au kuahidiwa kitu, na kumweleza kwamba halazimishwi na kwamba atakayosema yanaweza kuwa ushahidi. Pia aangalie mwili kama una majeraha. Swali la "ulilala wapi" linaonekana dogo, kumbe linafichua kama mtu ametoka chumba cha mahojiano dakika kumi zilizopita, na askari yule yule anamsubiri nje ya mlango.

Kosa linaloua utetezi huu ni kunyamaza. Pingamizi litolewe pale shahidi anapoomba maelezo yapokelewe kuwa kielelezo, kabla hayajapokelewa wala kusomwa. Mahakama itasimamisha shauri na kusikiliza kwanza suala la hiari peke yake. Kusubiri mpaka zamu ya utetezi ndipo aseme "nililazimishwa" ni kuchelewa, na mahakama huliona kama wazo la baadaye. Asipokuwa na wakili, mwelezeni hilo mkienda kumtembelea, arudie kwa maneno yake mpaka mhakikishe ameelewa.

Mimi ni mwalimu wa darasa la pili. Mwanafunzi wa miaka 8 ameniambia kwamba mjomba wake "anamfanyia tabia mbaya". Sitaki kuharibu ushahidi. Nifanye nini? (Mwalimu, Urambo)

Hongera mwalimu kwa kuuliza kabla ya kuuliza zaidi. Uliza mara moja tu, na kwa swali lililo wazi: "Niambie ilikuwaje." Akinyamaza, subiri. Akisita, "halafu?" inatosha. Usiseme "alikushika hapa?" wala "ilikuwa jioni, si ndiyo?" Mtoto wa umri huo amezoea kwamba mwalimu akirudia swali, jibu la kwanza lilikuwa kosa. Ndivyo ulivyomfundisha hesabu. Ukirudia atabadilisha jibu ili akufurahishe, na wakili wa utetezi atayaonyesha majibu mawili.

Andika papo hapo maneno yake na swali lako, tarehe na saa. Akisema "dudu", andika "dudu". "Tabia mbaya" iache kama ilivyo, ila kituoni apewe nafasi ya kueleza mwenyewe ni kitu gani, maana neno hilo peke yake linaweza kuwa lolote.

Siku hiyo hiyo mpelekeni Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, mchukue PF3 (fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitali), kisha hospitali. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU hufanya kazi zikianzwa ndani ya saa 72 tangu tendo, na mapema ni bora. Asiogeshwe. Nguo ziwekwe kwenye bahasha au karatasi. Mfuko wa nailoni hutunza unyevu na kuozesha vielelezo. Hadithi asiisimulie kwa mwalimu mkuu, kwa mtendaji, kwa shangazi na kwa kila askari anayepita. Kila usimulizi unaongeza maneno ya wakubwa ndani ya maneno yake.

Mahakamani, mtoto ambaye hajavuka miaka 14 anaweza kutoa ushahidi bila kiapo, ila kabla ya kuanza lazima aahidi kusema kweli na kutosema uongo. Ni sharti la kifungu cha 127(2) cha Sheria ya Ushahidi tangu marekebisho ya mwaka 2016. Kesi zimeanguka kwenye rufaa kwa ahadi hiyo kutoonekana kwenye mwenendo wa shauri, ingawa mtoto alisema kweli tupu. Mwendesha mashtaka akumbushwe kwa adabu. Ushahidi wa makosa ya kujamiiana hutolewa faragha, na ushahidi wa mtoto peke yake unaweza kutosha kutia hatiani mahakama ikiridhika kwamba anasema kweli. Mpeleke siku moja kabla aone chumba, kiti chake na mlango wa kutokea. Usimfundishe majibu.

Akiwa alikaa miezi bila kusema, hilo ni la kawaida kwa watoto walioumizwa na mtu wa nyumbani. Muhimu ni sababu ijulikane: alitishwa, aliogopa mama atapigwa, hakujua ni kosa.

Mama mkwe wangu ni shahidi, anajua Kiha tu. Mkalimani anatosha? (Msomaji, Buhigwe)

Anatosha akiwepo tangu polisi, si mahakamani tu. Kinachotokea mara nyingi: bibi anaeleza kwa Kiha, mjukuu anafupisha kwa Kiswahili, askari anaandika kwa maneno yake, bibi anatia dole gumba. Mwaka mmoja baadaye anaeleza tena kwa ukamilifu na anaonekana amejipinga. Maelezo asomewe kwa Kiha kabla ya dole gumba, na jina la aliyetafsiri liandikwe.

Yako maneno ya kukaguliwa neno kwa neno. "Baba" anaweza kuwa baba mdogo. "Alimpiga" ni kofi, fimbo au risasi? "Yeye" ni mwanamume au mwanamke? Na saa: bibi amesema saa mbili usiku, karani akaandika 02:00. Hiyo ni saa nane usiku, na mtuhumiwa aliyekuwa amelala hospitali ya Maweni saa nane usiku anatoka huru. Iandikwe 20:00, au iandikwe kwa maneno.

Mtoto wa miaka 11 amechoma bani (banda la kukaushia) la tumbaku la jirani. Anaweza kushtakiwa? (Mkulima, Kaliua)

Chini ya miaka 10, hapana kabisa. Kati ya 10 na kabla ya kutimiza 12, hawajibiki mpaka ithibitishwe kwamba wakati ule alikuwa na uwezo wa kujua kwamba hapaswi kufanya hivyo. Ni kifungu cha 15 cha Kanuni ya Adhabu. Anayepaswa kuthibitisha ni Jamhuri. Kujua kwamba moto unaunguza hakutoshi. Aliulizwa? Alijificha? Alikuwa anaiga wakubwa wanaowasha tanuru la bani kila usiku wa kukausha? Hayo yatajibiwa na afisa ustawi wa jamii, ambaye lazima ahusike kwenye Mahakama ya Watoto chini ya Sheria ya Mtoto ya 2009. Nenda kwake leo na cheti cha kuzaliwa. Kama hakipo, chukua kadi ya kliniki ya mtoto au rejista ya shule, kwa sababu miezi michache ya umri hapa inabadilisha kila kitu.